Namba Sita Hachoki

Siku kocha wetu Prof Jéthro alipotuambia kwamba mchezaji bora wa timu yetu, Kahawa Dames, ni Jemima, tulitazamana kama watu waliosikia kanisa limehamishwa usiku. Jemima mwenyewe alishika mdomo. Jemima tunampenda, sombe yake ya majani ya muhogo ukiila utaomba tena, lakini tuseme ukweli: ni kiungo ambaye mpira ukimpita anausindikiza kwa macho.

"Ni chiffres njo inasema, hapana miye," Prof akasema, akiinua simu yake kubwa iliyojaa hizo namba. "Anakimbia kupita bote. Anakamata mipira kupita bote. Na mu dernier quart d'heure, ile robo saa ya mwisho, wakati nyinyi bengine munakuwa munakufa, yeye njo anaanza."

Hapo tukaelewa, au tulidhani tumeelewa. Prof amependa. Mwanamume ametumwa na serikali kutoka Kisangani kuja kufundisha hesabu Butembo, hana mke, baridi ya milimani imemwingia hadi mifupani, na sasa hesabu zake zote zinaishia kwa Jemima. Tulicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Jemima naye akaanza kuja mazoezini amejipaka mafuta ya kunukia.

Mimi sikucheka sana. Ninaitwa Virginie, kapteni, jezi namba kumi tangu timu hii izaliwe, na jambo la pili ambalo simu ile ilisema ni kwamba mimi nimekwisha. Hakulisema hivyo, maana ana adabu. Alisema, akiniita dada mkubwa, "Yaya Virginie, courbe yako inaangukaka kisha dakika soixante." Nikamuuliza courbe ni kitu gani. Akanionyesha mstari mwekundu unaoteremka kuanzia dakika ya sitini kama njia ya kwenda kuchota maji. Nikamwambia aurudishe alikoutoa.

Alikuwa ameutoa Kisangani. Prof hakuwa amewahi kufundisha timu yoyote, hata ya watoto. Alipewa yetu kwa sababu kocha wa zamani alihama, na katika wanaume wote wa mtaa ni yeye peke yake aliyeiomba. Kazi yake aliifanya hivi: anafunga simu juu ya mti mrefu wa mwanzi, simu inapiga picha mechi nzima, kisha anazituma kwa rafiki yake wa chuo anayeitwa Éliakim. Huyo Éliakim ana mashine inayohesabu nani amekimbia, nani amepoteza mpira, nani amechoka. Butembo hajawahi kukanyaga. Sisi kwake ni watu wadogo wenye namba mgongoni. Anarudisha jedwali la namba, Prof anaweka majina.

Nisimnyime haki yake, mambo yalienda. Alituachisha kupiga mipira mirefu isiyo na mwenyewe. Alimtoa beki wa kushoto akampeleka kulia, tukamcheka, na kuanzia siku hiyo hatukufungwa tena upande ule. Sisi ambao kila mwaka tulikuwa tunafungwa na kurudi nyumbani kula, tulifika mahali ambapo sare moja tu huko Beni, mbele ya Kakao FC, ingetupandisha ligi ya mkoa.

Sasa niseme habari ya jezi.

Namba sita ilikuwa ya Tamar. Nilianza naye shule ya msingi, tukakaa dawati moja, tukapata komunyo ya kwanza siku moja. Alikwenda na binamu zake kuvuna kakao upande wa Beni, wakapita watu wenye mapanga. Binamu wawili tuliwazika. Tamar hakuonekana, mzima wala mfu, hadi ikafika siku hakuna aliyeuliza tena. Ukoo ulitaka tuzike mgomba mahali pake, kama inavyofanywa kwetu mwili ukikosekana, ili matanga yaishe na watu wapate kulala. Mama yake alikataa mbele ya wote. Alisema, "Miye sikuzala mugomba."

Alichofanya ni hiki. Tangu zamani yeye ndiye aliyekuwa akifua jezi zetu, akaendelea kuzifua. Siku ya mechi, kocha akimaliza kusema, Mama Tamar anaingia na beseni, anagawa. Namba sita anaiweka ya mwisho. Anatutazama, kisha anampa mmoja wetu, leo huyu, mechi ijayo mwingine. Ukipewa, unaacha namba yako ndani ya beseni na kuvaa sita, nami kapteni ninajaza karatasi ya refa hivyo hivyo. Kisha anakwenda kukaa pembeni mwa uwanja, kitenge magotini, na kuitazama sita kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpira uko wapi, hana habari nao.

Wote walikuwa wameivaa. Jemima ameivaa. Elikia, aliyefika juzi tu na anavaa viatu vya kuazima, ameivaa mara mbili. Mimi, niliyekaa na Tamar dawati moja, hata siku moja. Kila mechi nilikuwa ninasogea karibu na beseni kama mtu anayengoja chakula cha msaada, na kila mechi mkono wake ulinipita. Jambo hilo liliniuma kuliko mstari mwekundu wa Prof. Nilikuwa nimejiambia kwamba mama yule hanipendi kwa sababu mimi nilibaki.

Utauliza kwa nini hatukumwambia Prof. Tulidhani anajua. Butembo nzima inajua, hata refa. Na isitoshe, mtu aanzie wapi? Kocha mpya, karibu, na katika timu yako kuna marehemu?

Tukashuka Beni siku ya Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Beni kuna joto. Sisi watu wa baridi tukifika kule tunavimba miguu kabla ya kucheza. Walitupa darasa moja la shule jirani na uwanja kuwa chumba cha kuvalia, na Prof akasimama mbele ya ubao, mahali alipozoea.

"Bon. Jemima hatoke, hata mvua ya mawe ikianguka. Mipira yote ipite kwake. Yaya Virginie, unaanza, mais dakika soixante unatoka, Elikia anaingia. Munanisamehe. Hapana miye, ni chiffres."

Nilijibu, "Sawa, Prof." Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na wenzangu walikuwa wamekwisha inamisha vichwa wakingoja nilipuke. Sikulipuka. Nina miaka thelathini na moja, duka la vitenge na magoti mawili mabovu, na nilijua kwamba mchezaji anayetolewa katika mechi ya kupanda ligi hapangwi tena ligi ikianza. Prof akatoka kwenda kusimika mwanzi wake.

Mama Tamar akaingia na beseni. Akagawa. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho kabisa, ninafunga kamba za viatu, na kwa mara ya kwanza sikusogea. Niliona miguu yake imesimama mbele yangu.

"Lelo ni weye," akasema.

Niliitazama ile sita na mikono ikakataa kuinuka. Si kwamba nilikataa mimi, mikono ndiyo iliyokataa. Nilikuwa nimengoja jezi ile kwa hasira siku nyingi hata sikujua namna ya kuipokea. Jemima ndiye aliyenivalisha, kama unavyomvalisha mtoto, kichwa kwanza. Ilinuka sabuni ya kipande na jua. Mama Tamar alikuwa amekwisha toka nje.

Watu wanaweza kufikiri kwamba ndani ya jezi ile kuna nguvu. Hakuna. Tulipoanza kucheza nilitafuta hiyo nguvu na sikuipata. Magoti yalikuwa yale yale. Kakao walitufunga mapema, kwa mpira wa kona uliopita katikati yetu sote tukiutazama, na jasho likaniingia machoni. Ila nilipopunguza mwendo kidogo, kama ninavyopunguza siku zote nikidhani hakuna anayeona, nilimwona Mama Tamar pembeni. Alikuwa ananitazama mimi. Mpira ulikuwa upande mwingine kabisa wa uwanja, watu wote wamegeukia huko, na yeye ananitazama mimi, kwa uso wa mtu anayemwangalia mtoto wake akivuka barabara. Nikaona haya kutembea. Basi nikakimbia. Nikasimama, nikamwona, nikakimbia tena. Nilimkumbuka kila mwenzangu aliyewahi kuivaa na namna alivyokuwa akitapika mechi ikiisha, nami kapteni ninamwambia apunguze maharagwe.

Dakika ya sitini ikafika. Mpira ulikuwa umetoka karibu na benchi letu na nilikuwa nimekwenda kuurusha, ndiyo maana nilisikia yote. Elikia alikuwa mstarini, amevua koti, anaruka ruka. Prof aliinua kibao cha boksi kilichoandikwa kumi.

Msaidizi wa refa, baba mmoja mnene mwenye kofia, akatazama karatasi yake, akatazama uwanja.

"Coach, numero dix haiko ku terrain."

"Iko. Ni capitaine wangu."

"Capitaine wako anavaa six."

Prof alinigeukia na kuiona sita mgongoni mwangu. Kisha akamtafuta Jemima. Jemima alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, namba kumi na nne.

"Jemima," akaita, na sauti ilikuwa imebadilika. "Juu ya nini unavaa quatorze?"

"Ni yangu, Prof. Siku zote ni yangu."

Mimi nimeona watu wakipokea habari za kifo, kwetu hapa tumeziona nyuso hizo kuliko inavyofaa. Uso wa Prof ulikuwa hivyo. Baadaye alinieleza. Mechi yake ya kwanza na sisi, Jemima ndiye aliyekuwa amevaa sita, naye akaandika: sita, Jemima. Tangu hapo hakufuta. Kumi na nne aliiacha bila jina, akidhani ni ya akiba. Na kila namba moja ilipopotea katika mechi, yeye na Éliakim waliilaumu simu kwamba haioni vizuri. Mwalimu wa hesabu huyo.

Akamgeukia Mama Tamar, aliyekuwa amekaa hatua chache tu kutoka benchi.

"Mama, samahani. Six, nani anaivalaka?"

"Bote," akajibu. "Ni ya mutoto wangu. Yeye hakurudiaka. Banamuvalia."

Akasema hivyo tu, macho bado kwangu. Prof akarudi kwenye namba zake. Alitazama simu, akanitazama, akatazama simu tena. Nilikuwa ninajua kilichoandikwa mle, maana alikuwa ametusomea asubuhi, kwa majina: kumi atoke, sita asitoke kwa lolote. Na wote wawili walikuwa mimi, nimeshika mpira, ninapumua kwa mdomo. Nilitaka kumwomba aniache. Mimi si mwanamke wa kuomba, lakini najua macho yaliomba, kwa kuwa aliyakwepa.

"Coach, unabadilisha ao hapana?" msaidizi wa refa akauliza.

"Mama," Prof akasema polepole, "kama anatoka?"

"Akitoka, minarudia nyumbani."

Prof alitia simu mfukoni. Tangu tumjue, ilikuwa mara ya kwanza kuona mikono yake miwili mitupu uwanjani. Akakishusha kibao.

"Elikia, ikala chini."

"Na chiffres, Prof?" Elikia aliuliza kwa hasira, na haki yake, alikuwa amekwisha piga ishara ya msalaba.

"Sijue tena chiffres ni ya nani."

Nisiseme uongo, mstari mwekundu ulikuwa kweli. Dakika kumi baadaye mguu wa kushoto ukakakamaa, Jemima akaninyoosha nikiwa chini, nikilia kama mtoto. Kumi angetoka. Nilikuwa ninaona uwanja unapanda mlima na Beni hakuna mlima. Lakini pembeni kulikuwa na kitenge kile na uso ule, basi nikaamka. Karibu na mwisho, kiungo wa Kakao alijisahau, akauvuta mpira karibu na mimi akijua kwamba mama huyu mzee hawezi tena kuinama. Nikaupokonya. Sikuwa na pumzi ya kukimbia nao, nikausukuma tu mbele kwa yeyote. Yeyote alikuwa Jemima. Alifunga kwa goti, akiwa amefumba macho, na mpira ukaingia polepole hata kipa wao alipata muda wa kukasirika.

Filimbi ikalia moja kwa moja. Wasichana walianguka juu ya Jemima, ngoma ya wale mashabiki wetu wachache ikaanza, mtu akanimwagia maji. Tulikuwa tumepanda. Nilitafuta kitenge pembeni na hakikuwapo. Mama Tamar alikuwa amekwisha fika kwangu.

"Vua," akaniambia.

Nikadhani anataka kufua. Nikamwambia tutafua Butembo, mama, ngoja tufurahi kidogo.

"Haifuliwe tena. Weye ulikuwa wa mwisho." Aliniambia huku akinivua, kichwa kwanza, jasho na udongo na yote. "Niliwahesabu bote, nikakuona weye tu njo unabakia. Nikasema, siku nitamupatia Virginie, hakuna tena mwengine. Njo maana nilikuwa nakupita. Nilimupatia Elikia mara mbili juu nisifike kwako."

Nilibaki pale na sidiria ya michezo mbele ya watu wa Beni. Siku zote zile nilizomnunia. Mama yule hakuwa amenichukia. Alikuwa anarefusha. Nilimshika mabega na kumwambia, "Mama, mimi nilizani haunipendi," naye akanitazama kama mtu aliyesikia jambo la ajabu, kisha akanifunika kitenge chake.

Baba yake Tamar amezikwa Beni, makaburi ya parokia, si mbali na uwanja, na Mama alitaka jezi ilale huko. Tulikwenda na viatu vya mpira, vyuma vya soli vikigonga barabara. Prof alikuja nyuma yetu na mwanzi wake begani, amesahau kuuacha, na alipofika pale ndio uliochimbua udongo wa kwanza. Mama Tamar alikunja jezi mara tatu, namba ikitazama juu, akailaza pembeni mwa kaburi la mume wake. Jemima aliongoza Salamu Maria. Hakuna aliyelia kwa sauti. Mama alipomaliza kusawazisha udongo kwa kiganja alitushukuru kwa Kinande, mmoja mmoja, kwa jina: wasingya, wasingya. Matanga yaliisha hivyo, jua likiwaka, na sisi tunanuka jasho.

Mechi iliyofuata tulicheza nyumbani bila namba sita. Nilianza benchi na sikununa, au nilinuna kidogo. Jumanne yake nilikwenda kwa Mama Tamar kumsaidia kufua, na Prof akatukuta uani, simu mkononi, uso umemshuka. Alikuwa hajamwambia rafiki yake chochote. Aliona haya.

"Yaya Virginie, soma," akasema.

Éliakim alikuwa ameandika: "Ndeko, ndugu yangu, namba six iko wapi? Amevunjika? Usiniambie muliuzisha huyu mutoto."

Prof aliniachia simu niandike mimi. Nilifikiri kueleza jezi, beseni, zamu, yote, na vidole vikakataa kama mikono ilivyokataa siku ile. Niliandika jambo moja ambalo ni kweli: "Tulimuzika Beni."

Haikupita hata muda wa kukamua jezi, simu ikalia. Nilifungua sauti ili Prof asikie naye. Tukasikia mwanamume analia, mtu mzima, mbali, Kisangani, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona.

"Haiwezekane," alikuwa anasema. "Mimi nilimuona juzi anakimbia. Huyu mutoto hachokake. Nilikuwa namuangalia kila semaine."

Prof alinyoosha mkono achukue simu amweleze. Mama Tamar akamzuia. Alikuwa ameinuka kwenye beseni, povu hadi kwenye viwiko, akaisogelea ile sauti.

"Baba," akasema, "miye ni mama yake. Ulikuwa unamuonaka?"

"Ndiyo, mama. Pole, mama. Kila mechi."

Mama Tamar aligeuza ndoo, akakaa juu yake.

"Basi niambie," akasema. "Anza na ile ya kwanza. Alichezaka namna gani?"

Na Éliakim, akijifuta pua, akaanza kumwambia.